Testosteroni na vipimo vyake: nini cha kumuuliza daktari, na lini

Mwanamume anayesema "homoni zangu zimeshuka" siku hizi anaweza kuwa na maana tatu tofauti kabisa. Huenda amepimwa damu mara mbili asubuhi na kukutwa na upungufu wa kweli wa testosteroni. Huenda hajapimwa kabisa, ila anachoka, kitambi kimeongezeka, na mambo ya chumbani hayaendi kama zamani. Au huenda ameambiwa hivyo na mwuza dawa yule yule aliyemuuzia vumbi la Kongo mwaka jana. Wote watatu wanaweza kuishia kwenye sindano ile ile ya mafuta inayodungwa takoni, na hapo mkanganyiko huanza. Mmoja ataambiwa arudi kupimwa kila baada ya miezi michache. Wa pili ataambiwa hakuna haja, mradi anajisikia vizuri. Wa tatu atauziwa kifurushi cha vipimo kumi na viwili, aondoke na karatasi iliyojaa namba asizoelewa.

Swali la kuchambua ni hili: anayetumia testosteroni apimwe nini, apimwe lini, na majibu yakitoka yabadilishe nini? Kila jibu lina gharama yake. Kutopima kunaweza kumwacha mtu na damu inayozidi kuwa nzito bila mwenyewe kujua, na kupima ovyo kunaweza kumfikisha kwenye sindano za kutoboa tezi dume ambazo hakuzihitaji.

## Upungufu wa kweli na upungufu wa matangazo

Testosteroni hutengenezwa na korodani, lakini amri hutoka kichwani. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, huachia homoni mbili, LH na FSH. Ya kwanza huziamrisha korodani zitengeneze testosteroni, na ya pili husimamia utengenezaji wa mbegu. Kwa hiyo upungufu unaweza kuanzia sehemu mbili. Korodani zenyewe zinaweza kuwa zimeharibika: kwa matubwitubwi yaliyoshuka korodanini baada ya balehe, kwa mionzi au dawa za saratani, kwa kutoshuka tangu utotoni, au kwa hali ya kuzaliwa nayo iitwayo Klinefelter, ambapo mwanamume ana kromosomu X ya ziada. Au korodani ni nzima ila amri haifiki, na sababu ikawa uvimbe kwenye pituitari, matumizi ya muda mrefu ya dawa za maumivu za jamii ya mofini, unene uliopita kiasi, kisukari cha aina ya pili, au testosteroni ambayo mtu amekuwa akijidunga jimu bila daktari.

Kipimo cha LH ndicho kinachotenganisha makundi hayo mawili. LH ikiwa juu, kasoro iko korodanini. Ikiwa chini au ya kawaida wakati testosteroni iko chini, kasoro iko kichwani, na mgonjwa huenda akahitaji kupimwa prolaktini na kupigwa picha ya MRI. Lakini sindano ya kwanza ikishaingia, pituitari huhisi testosteroni imejaa tele na kuacha kutuma LH. Kuanzia hapo ushahidi umefutika, na anayetaka kujua chanzo inabidi aache dawa kwa wiki au miezi ndipo apimwe upya. Ndiyo maana mazungumzo ya vipimo hayaanzi baada ya tiba. Huanza kabla, na swali la kwanza kwa daktari ni jepesi: "LH yangu imepimwa?"

Mwongozo wa mwaka 2018 wa Endocrine Society, chama cha wataalamu wa homoni chenye makao Marekani, unataka mambo mawili yakutane kabla ya kuanza tiba: dalili, na testosteroni ya chini iliyothibitishwa kwa vipimo viwili vya asubuhi kabla ya kula. Asubuhi, kwa kuwa homoni hii hupanda alfajiri na kushuka jioni, hasa kwa vijana. Kabla ya kula, kwa kuwa chakula chenye sukari huishusha. Aliyekunywa chai na maandazi akaenda maabara saa nane mchana anaweza kuonekana ana upungufu asiokuwa nao.

Hata mpaka wa neno "chini" una ubishi. Endocrine Society hutaja 264 ng/dL, na chama cha madaktari wa mfumo wa mkojo cha Marekani, AUA, hutaja 300. Kuna pia mtego wa vipimio: maabara moja huandika 300 ng/dL, nyingine 3.0 ng/mL, nyingine 10.4 nmol/L, na zote tatu ni kiasi kile kile. Mtu akipima Mombasa mwezi huu na Dar es Salaam mwezi ujao anaweza kudhani homoni zake zimepanda zaidi ya mara tatu, kumbe kilichobadilika ni kipimio tu.

Utafiti mkubwa wa nchi kadhaa za Ulaya uliochapishwa mwaka 2010 ulipendekeza kwamba upungufu wa uzeeni utambuliwe kwa dalili tatu za tendo la ndoa pamoja na kipimo cha chini. Kwa kigezo hicho, ni asilimia 2.1 tu ya wanaume wa miaka 40 hadi 79 walioonekana kuwa nao. Linganisha idadi hiyo na wingi wa matangazo barabarani. Upungufu wa nguvu za kiume kwa watu wengi wa makamo hutokana na mishipa ya damu iliyoziba, kisukari, presha, sigara au mawazo, na testosteroni haizibui mishipa. Anayepewa homoni wakati ugonjwa wake ni kisukari ambacho hakijagunduliwa amepotezewa muda, na kisukari kinaendelea na kazi yake.

Kuna kundi jingine linalostahili kutajwa katika nchi zetu. Kwa wanaume wanaoishi na VVU, protini inayobeba testosteroni kwenye damu, SHBG, mara nyingi huwa juu. Kipimo cha jumla hutoka kizuri ilhali testosteroni huru, ile inayofanya kazi mwilini, ni kidogo. Kwao, kipimo cha jumla peke yake hakitoshi.

## Hofu mbili zilizozaa vipimo

Orodha ya vipimo tunayoiona leo imetokana na hofu mbili, na bila kuzijua mtu hawezi kuelewa kwa nini madaktari hutofautiana.

Ya kwanza ni ya saratani ya tezi dume. Mwaka 1941, Charles Huggins na Clarence Hodges wa Chicago walionyesha kwamba saratani ya tezi dume iliyosambaa hurudi nyuma mgonjwa akiondolewa korodani, na wakaeleza kwamba sindano za testosteroni huichochea. Huggins alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1966, na kwa zaidi ya nusu karne madaktari walifundishwa kwamba kumpa mwanamume testosteroni ni kumwagia moto mafuta ya taa. Baadaye Abraham Morgentaler wa Boston alirudi kuyasoma maandiko hayo ya zamani akakuta kwamba dai la sindano lilisimama juu ya wagonjwa wachache mno. Yeye na wenzake wakaleta maelezo mengine: tezi dume huhitaji testosteroni kidogo tu, na ikishashiba, ya ziada haiongezi kitu. Ni kama mmea uliokauka. Maji ya kwanza huuinua, lakini pipa la pili haliurefushi.

Hofu ya pili ni ya moyo. Mwaka 2010 jaribio la Marekani la kuwapa jeli ya testosteroni wazee wenye udhaifu wa kutembea, washiriki 209, lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu matukio ya moyo yalizidi upande wa waliopata dawa. Tafiti mbili za kumbukumbu za wagonjwa, mwaka 2013 na 2014, zikaongeza wasiwasi. Mwaka 2015 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ikataka onyo la kiharusi na mshtuko wa moyo liwekwe kwenye maelezo ya dawa hizi.

Jibu kubwa lilikuja mwaka 2023 kupitia jaribio la TRAVERSE. Wanaume 5,246 wa miaka 45 hadi 80, wote wenye ugonjwa wa moyo au hatari kubwa ya kuupata, waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine jeli ya testosteroni, wengine jeli isiyo na dawa. Mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo vilitokea kwa asilimia 7.0 upande wa dawa na 7.3 upande wa pili, yaani hakukuwa na tofauti ya maana. Februari 2025 FDA ikaelekeza onyo kali la moyo liondolewe, na badala yake kuwe na tahadhari ya kupanda kwa shinikizo la damu kwa dawa zote za testosteroni.

Wapenzi wa dawa hii waliishangilia habari hiyo, na ni haki yao, lakini wengi waliisoma nusu. Katika jaribio lile lile, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio yalitokea kwa asilimia 3.5 dhidi ya 2.4, madonge ya damu mapafuni asilimia 0.9 dhidi ya 0.5, na kuumia kwa figo kwa ghafla asilimia 2.3 dhidi ya 1.5. Hata kuvunjika mifupa kuliongezeka upande wa dawa, jambo lililowashangaza watafiti kwa sababu testosteroni inajulikana kuongeza uzito wa mfupa.

Kuna jambo zito kuliko namba hizo zote. Washiriki wa TRAVERSE walifuatiliwa kwa karibu: dozi ilipunguzwa au kuongezwa ili testosteroni ibaki kati ya 350 na 750 ng/dL, na damu ikianza kuwa nzito kupita kiasi hatua ilichukuliwa. Isitoshe, walipaka jeli, ambayo haina kilele kikali kama cha sindano. Usalama ulioonekana pale ni usalama wa watu waliopimwa. Anayejidunga sindano kila wiki bila kupimwa hawezi kuuazima ushahidi huo na kusema tiba hii imethibitishwa kuwa salama kwake. Kwa maoni yangu, hoja hii moja inatosha kuuweka pembeni msimamo wa "mwili wako utakuambia", unaosikika sana kwenye majimu na kwa baadhi ya wanaouza dawa.

## Damu nzito

Kwenye vipimo vyote, kipo kimoja ambacho mwili haukuambii kitu mpaka umechelewa. Huitwa hematokriti. Zamani ilikuwa rahisi kukiona kwa macho: tone la damu huingizwa kwenye mrija mwembamba wa kioo, mrija huzungushwa kwa kasi kwenye mashine, na ukitoka damu imejitenga, chembe nyekundu zimeshindiliwa chini na majimaji ya rangi ya majani makavu yako juu. Sehemu nyekundu ikichukua 45 kwa mia ya urefu wa mrija, hematokriti ni asilimia 45. Siku hizi mashine hutoa namba yenyewe ndani ya kipimo cha picha kamili ya damu, kile ambacho fomu nyingi Tanzania hukiandika FBP.

Testosteroni huongeza chembe nyekundu kwa kushusha hepsidini, homoni inayozuia madini ya chuma yasitumike, na kwa kuchochea uboho. Kwa mtu mwenye upungufu wa damu hiyo ni faida. Kwa mwenye damu ya kutosha, mrija huzidi kujaa wekundu, damu hupita kwenye mishipa kama uji badala ya maji, na moyo husukuma kwa nguvu zaidi. Wanaotumia sindano za muda mfupi hupatwa zaidi kuliko wanaopaka jeli, na wazee kuliko vijana.

Miongozo inakubaliana kuhusu ratiba: pima kabla ya kuanza, kisha kati ya mwezi wa 3 na wa 6, kisha kila mwaka. Ikipita asilimia 54, dawa isimamishwe mpaka ishuke, kisha irudishwe kwa dozi ndogo zaidi. Ubishi uko kwenye 54 yenyewe. Namba hiyo imetokana na makubaliano ya wataalamu kuliko majaribio, na hakuna jaribio lililoonyesha kwamba 53 ni salama na 55 ni hatari. Wapo wanaodai wakazi wa milimani huishi na damu nzito zaidi bila madhara, na hoja hiyo ina uzito kidogo. Ila mwili wa mkazi wa mlimani umeongeza chembe kwa sababu hewa ya oksijeni ni haba. Anayedungwa homoni ameziongeza bila sababu hiyo, na mara nyingi ana kitambi, presha na usingizi wa kukoroma juu yake.

Mwinuko unatuhusu moja kwa moja. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na Mbeya karibu mita 1,700, ilhali Mombasa na Dar es Salaam ziko pwani. Mkazi wa Nairobi huanza na hematokriti ya juu kidogo kuliko mwenzake wa Mombasa, na Endocrine Society yenyewe huruhusu hadi asilimia 50 kabla ya tiba kwa wanaoishi miinuko, wakati kwa wengine hushauri tahadhari kuanzia 48. Anayehamia kutoka pwani kwenda bara akiwa kwenye dawa amwambie daktari. Na kwa wa pwani kuna tahadhari nyingine: aliyeshinda juani bila maji huonekana ana damu nzito kwa sababu majimaji yamepungua, kwa hiyo jibu la kushtua lirudiwe baada ya kunywa maji ya kutosha.

Ikiwa imepanda kweli, yapo mengi ya kufanya kabla ya kukata tamaa: kupunguza dozi, kudunga kiasi kidogo kwa vipindi vifupi badala ya kingi kwa mkupuo, kuhamia jeli, kuacha sigara, kutibu kukoroma kunakokatiza pumzi usingizini. Kutoa damu husaidia kwa muda, lakini kuwa na mazoea ya kuitoa kila miezi michache huku dozi ikibaki vile vile ni kukausha maji sakafuni huku bomba liko wazi, na humwacha mtu na upungufu wa madini ya chuma. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana na pumzi kukatika ghafla, hakuna kusubiri tarehe ya kliniki: ni hospitali siku hiyo hiyo.

## PSA, kipimo kigumu kuliko vyote

PSA ni protini inayotoka kwenye tezi dume. Hupanda kwa saratani, lakini pia kwa maambukizi ya mkojo, kwa tezi iliyovimba ya uzee, na hata kwa kumwaga mbegu siku moja au mbili kabla ya kupima. Dawa za kupunguza tezi kama finasteride huishusha hadi karibu nusu na kuficha hatari. Asiyemwambia daktari anatumia dawa gani huenda akapewa utulivu usio wa kweli.

Wanaotetea kupima wanasema hivi: testosteroni inaweza kuamsha saratani iliyokuwa imelala, na wanaume weusi wana hatari kubwa zaidi, kwa hiyo anayeanza tiba bila PSA anaingia gizani. Nguvu ya hoja hii kwetu haina ubishi, kwa kuwa saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza kwa wanaume katika nchi nyingi za Afrika Kusini mwa Sahara, na wagonjwa wengi hufika hospitali imeshasambaa. Wanaopinga kupima kila mtu wanasema PSA hutoa tahadhari nyingi za uongo, kwamba kutoboa tezi ili kupata kipande cha kuchunguza kuna maumivu, damu na hatari ya maambukizi, na kwamba saratani nyingine za tezi dume hukua taratibu mno kiasi kwamba mzee hufariki kwa jambo jingine. Wanaongeza kuwa katika TRAVERSE saratani kali ya tezi dume ilikuwa nadra pande zote mbili: wanaume 5 upande wa dawa, 3 upande wa jeli tupu.

Ushahidi huo wa mwisho una mipaka miwili. Wenye PSA iliyopita 3 hawakuingizwa kwenye jaribio, na ufuatiliaji ulikuwa wa chini ya miaka mitatu kwa wastani, muda mfupi kwa saratani ambayo huchukua miaka mingi kujitokeza. Unatuambia kwamba aliyechujwa vizuri mwanzoni yuko salama kwa kipindi hicho. Kwa ambaye hakuchujwa, hausemi lolote.

Msimamo wa Endocrine Society ni wa kati, na nauona wa busara: wanaume wa miaka 55 hadi 69, na kuanzia 40 kwa wenye hatari kubwa, wakiwemo weusi na wenye baba au ndugu aliyeugua, wajadiliane na daktari na wakikubali wapimwe kabla ya tiba na kati ya mwezi wa 3 na wa 12. Kupanda kidogo miezi ya mwanzo kunatarajiwa, kwa kuwa tezi iliyokuwa na kiu imenyweshwa. Ikipanda kwa zaidi ya 1.4 ng/mL ndani ya mwaka wa kwanza, au ikapita 4, kipimo kirudiwe na mgonjwa apelekwe kwa daktari wa mfumo wa mkojo. Kwa mwanamume wa Afrika Mashariki wa miaka 45, mizani yangu inaelemea upande wa kupima, mradi ameelezwa kwamba jibu la juu ni mwanzo wa maswali, halijawa hukumu.

## Saa ya kutoa damu

Kupima testosteroni yenyewe wakati wa tiba kunaonekana jambo jepesi, na ndiko kunakoharibika zaidi. Sindano ya kawaida ya enantati au saipioneti hupandisha homoni juu ndani ya siku chache kisha huishusha taratibu. Anayepimwa kesho yake ataambiwa amezidisha, na anayepimwa siku ya mwisho ataambiwa aongezewe, ilhali ni mtu yule yule na dozi ile ile. Ndiyo maana mwongozo unataka damu ichukuliwe katikati ya sindano mbili. Kwa sindano ya undekanoati, ya miligramu 1,000, ambayo hudumu takriban wiki 10 hadi 14, hupimwa mwishoni, kabla tu ya sindano inayofuata. Kwa jeli, saa 2 hadi 8 baada ya kupaka, baada ya angalau wiki moja ya matumizi, na mkono usitolewe damu palipopakwa jeli.

Jibu lisiloandikwa tarehe ya sindano pembeni halimsaidii daktari. Vivyo hivyo vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini nyingi: kwa baadhi ya mashine za maabara, bayotini huifanya testosteroni ionekane juu kuliko ilivyo. Wengi hawavitaji kwa sababu hawavihesabu kama dawa.

## Vipimo vinavyogombewa

Kwenye makundi ya mazoezi utasikia kwamba ni lazima kupima estrojeni na kunywa vidonge vya kuishusha. Ni kweli sehemu ya testosteroni hugeuka estrojeni mwilini, na matiti yanaweza kuuma au kuvimba. Lakini mwanamume anaihitaji estrojeni kwa mifupa na hata kwa hamu ya tendo la ndoa, kama utafiti wa Joel Finkelstein wa Boston wa mwaka 2013 ulivyoonyesha. Kuipima bila dalili ni kutafuta namba ya kuihangaikia.

Ini ni hadithi ya vidonge. Aina ya methiltestosteroni hulichosha ini, na anayevitumia lazima apimwe. Kwa sindano na jeli, kulipima ini kila mara hakuna msingi, na fedha hiyo ingefaa zaidi kwenye FBP na sukari. Mifupa ipimwe kwa mwenye mifupa dhaifu au aliyevunjika kwa kujikwaa tu, baada ya mwaka 1 hadi 2 wa tiba. Presha haihitaji maabara kabisa, na baada ya tahadhari ya mwaka 2025 hakuna sababu ya kuiruka.

## Swali ambalo wengi hawaliulizi

Testosteroni kutoka nje huzima LH na FSH, na korodani huacha kutengeneza mbegu. Athari hii ni kubwa kiasi kwamba Shirika la Afya Duniani lilishajaribu sindano za kila wiki kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume, na wengi wao mbegu ziliisha kabisa. Mwanamume aliyeoa mwaka jana, anayetafuta mtoto na kudungwa homoni ili "aongeze uanaume", anafanya kinyume cha anachokitaka. Kwa walio wengi mbegu hurudi dawa ikiachwa, lakini huchukua miezi, wengine zaidi ya mwaka. Katika jamii ambapo mke ndiye hulaumiwa kwanza mimba isipoingia, ukimya wa daktari kwenye jambo hili humwumiza mtu ambaye hata hayumo kwenye chumba cha daktari. Anayetaka mtoto karibuni aseme mapema. Kuna dawa nyingine zinazochochea korodani bila kuzizima.

Kwa watu waliozaliwa na maumbile ya kike wanaotumia testosteroni kubadili mwili wao, vipimo vya msingi ni vile vile: hematokriti, presha, kiwango cha homoni, na kwao hufanywa kila baada ya miezi 3 hivi mwaka wa kwanza. Mawili huongezeka. Kukoma kwa hedhi hakumaanishi mimba haiwezi kuingia, na dawa hii inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Na maadamu shingo ya kizazi ipo, uchunguzi wa saratani yake unaendelea kama kawaida. Wengi wao huikwepa kliniki kwa kuogopa kudhalilishwa, na daktari anayeuliza kwa heshima ndiye atakayepata majibu ya kweli.

## Dakika kumi za daktari

Madaktari bingwa wa homoni ni wachache katika nchi zetu, nao wako miji mikubwa. Wagonjwa wengi watahudumiwa na daktari wa kawaida mwenye foleni nje ya mlango. Kwa hiyo hoja ya "pima kila kitu" inaanguka kwa sababu ya mfuko na ya muda pia: vipimo kumi na viwili vikirudi, daktari hana nafasi ya kuvieleza, na cha maana kitapotea katikati ya visivyo na maana. Mizani inaelemea vipimo vichache vilivyopangwa. Kabla: testosteroni ya asubuhi mara mbili, LH, FBP, presha, na PSA kwa umri unaostahili. Baada ya miezi 3 hadi 6: testosteroni kwa saa yake, FBP, presha, PSA. Kisha kila mwaka.

Daftari dogo hufanya kazi kubwa hapa: tarehe ya kila sindano na dozi, tarehe na saa ya kila kipimo, namba pamoja na kipimio chake, na jina la maabara, kwa kuwa maabara ile ile hulinganishika vizuri zaidi. Mgonjwa aseme bila kuficha kama amewahi kujidunga jimu, kama anatumia dawa za mitishamba za nguvu, kama anakoroma. Daktari naye aseme tangu mwanzo ni namba gani itamfanya apunguze dozi na ni ipi itamfanya aisimamishe. Mgonjwa aliyeambiwa "ikipita 54 tutasimama kwanza" haoni kama ananyang'anywa dawa siku hiyo ikifika.

Kuna uchunguzi mmoja usiohitaji damu, nao husahaulika kuliko vyote: je, dawa imesaidia? Majaribio ya wanaume 790 wa miaka 65 na zaidi, yaliyochapishwa Marekani kuanzia mwaka 2016, yaliona nafuu ya kiasi kwenye hamu na tendo la ndoa, ila karibu hakuna kwenye uchovu, ambao ndio malalamiko ya wengi. Andika siku ya kwanza ni nini hasa unachotaka kibadilike. Baada ya miezi 6 hadi 12 lifungueni daftari pamoja na daktari. Ikiwa testosteroni imefika inapotakiwa na hicho ulichokiandika hakijabadilika, homoni haikuwa tatizo. Pangeni kuiacha chini ya uangalizi, kwa sababu pituitari iliyolala huchukua wiki au miezi kuamka, kisha mtafute sukari, presha, usingizi au huzuni iliyokuwa imejificha nyuma yake.